Wewe ni wa Ukoo Gani?

Ndugu msomaji, kwetu Tarime kuna swali ambalo mtu anaweza kuulizwa mara mbili kwa siku moja, na yakawa maswali mawili yasiyojuana. Asubuhi bibi kizee anakushika mkono njiani, anakutazama usoni, anasema: "Kijana, wewe ni wa ukoo gani?" Huyo anataka kujua akuite mjukuu au akuite mgeni, na kwa vyovyote vile uji utakunywa. Jioni kijana wa rika lako, panga mkononi, anakuuliza maneno yale yale. Huyo uji hana.

Mimi nililiulizwa la jioni mwaka niliomaliza kidato cha nne. Nilikuwa natoka upande wa Mugumu, wilaya ya Serengeti, kurudi nyumbani Tarime. Tulikuwa tumeshavuka Mto Mara. Gari likasimamishwa na vijana waliopanga mawe barabarani. Siku hizo koo mbili zilikuwa zimegombana, wengine walisema ni ng'ombe, wengine wakasema ni mpaka wa shamba. Baba yangu ni wa ukoo mmoja kati ya hizo mbili. Mama yangu ni wa ukoo wa pili. Nawe unajua kwa Wakurya mtoto ni wa baba, hilo halina mjadala.

Wakaniuliza. Nikatazama nyuso zao, nikajua wao ni wa upande wa mama. Nikataja ukoo wa mama. Nikataja hadi jina la mjomba wangu na mahali lilipo boma lake. Mmoja akacheka, akanipiga bega: "Pita, mwana wa dada yetu!" Hata sikuwa nimewaambia kuwa mimi ni mwana wa dada, walikisia wenyewe, wakaridhika.

Nyuma yangu alishuka mtu mzima mmoja, mfanyabiashara wa vitunguu. Yeye baba na mama wote ni wa ukoo wa baba yangu. Akajibu kweli. Nilisikia fimbo ya kwanza. Ya pili niliisikia nikiwa natembea. Sikugeuka.

Hayo ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu leo.

* * *

Kijiweni kwetu, pale tunapobishana kuhusu mpira, siasa na nani ataandika riwaya ya kwanza, washkaji wangu wana jibu moja tu: koo zifutwe. "Sisi sote ni Wakurya, lugha moja, ugali mmoja, kichuri kimoja. Nani aliona tofauti ya Mnchari na Mwirege kwa macho? Hakuna! Ni uongo wa wazee." Ukiwauliza Wakira ni akina nani, Wanyabasi ni akina nani, Watimbaru, Warenchoka, Wasweta, Wanyamongo, wanakwambia hayo ni majina tu.

Nami niliamini hivyo muda mrefu. Ilikuwa imani nzuri kwangu kwa sababu ilinisamehe. Kama koo ni uongo, basi mimi pale barabarani sikudanganya chochote. Nilijibu uongo kwa uongo, ngoma droo.

Kilichoniharibia raha hiyo ni kemia. Usicheke. Binamu yangu aliyekuwa chuo kikuu Dar aliniletea rundo la karatasi za fotokopi alizokuwa ameshazimaliza, akaniambia nifungie maandazi au nisome. Nikasoma. Mengi yalinipita, lakini sura moja ilinikalia kichwani kama mwiba. Ilihusu namna ya kutenga gesi kwa baridi kali.

Ngoja nikwambie taratibu, maana hata mimi nilielewa taratibu.

Kama ulifika sekondari unakumbuka lile jaribio la wino. Unaweka tone la wino mweusi kwenye karatasi, unachovya ncha ya karatasi kwenye maji. Maji yanapanda, yanabeba wino, na mweusi unaanza kufumuka: bluu inatangulia, nyekundu inabaki nyuma, manjano kule. Jina lake kromatografia. Siri yake ni kwamba rangi zote zinasafiri njia moja, ila kila moja inanata kwenye karatasi kwa nguvu yake. Inayonata kidogo inafika mapema. Inayonata sana inachelewa.

Gesi nazo hufanyiwa hivyo. Badala ya karatasi kuna neli ndefu nyembamba iliyojazwa punje za alumina. Badala ya maji kuna gesi nyingine inayosukuma kutoka nyuma. Ukitaka kutenga gesi zilizofanana mno, neli hiyo unaizamisha katika naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Sisi wa Tarime tunajisifu kwa baridi ya milimani kwenye kahawa. Hiyo ni baridi ya watoto.

Sasa sikia. Haidrojeni ndiyo gesi nyepesi kuliko zote. Molekuli yake ni atomu mbili zilizoshikana, na kila atomu ina protoni moja katikati. Kila protoni ina mzunguko wake, unaweza kuifikiria kama pia ya mtoto. Pia hizo mbili zikizunguka upande mmoja, molekuli huitwa ortho. Zikizunguka pande zinazopingana, huitwa para. Basi! Tofauti ni hiyo tu. Uzito ni ule ule, rangi hakuna, harufu hakuna, na ukiziwasha zote zinawaka zikawa maji. Katika joto la kawaida la chumbani, kwenye kila molekuli nne, tatu ni ortho na moja ni para. Zimechanganyika, na hakuna jicho linaloweza kuzitambua.

Mjerumani Werner Heisenberg alionyesha kwa hesabu mwaka 1927 kwamba haidrojeni lazima iwe na aina hizo mbili. Mwaka 1929 Bonhoeffer na Harteck walipata para karibu tupu kwa kuiweka haidrojeni juu ya makaa yaliyopozwa sana. Naam, makaa, ndugu yake haya tunayochomea mahindi. Na mwaka 1958 W. R. Moore na H. R. Ward wakachapisha habari za kuzitenga ortho na para kwa njia ile ya neli. Para inatangulia kutoka. Ortho inachelewa, kwa sababu ortho hata uipoze namna gani, kubingirika kwake hakuishi kabisa, na huko kubingirika kunaifanya inate zaidi kwenye alumina.

Nilipofika hapo niliweka karatasi chini. Washkaji wangu walikuwa wamesema: tofauti isiyoonekana kwa macho haipo. Kumbe ipo. Ilikuwepo wakati wote, hata siku za joto ambapo hakuna aliyeiona. Baridi haikuiumba. Baridi iliipa nafasi ya kufanya kazi.

* * *

Najua utaniambia binadamu si gesi. Kweli, na mimi sisemi ukoo ni kitu cha kwenye damu kinachoweza kupimwa maabara. Ninachosema ni kidogo zaidi: kuna tofauti ambazo ni za kweli, lakini hazina kazi yoyote mpaka hali ya hewa ibadilike. Mama yangu na baba yangu wamelala kitanda kimoja zaidi ya miaka thelathini. Sokoni, kanisani, msibani, sisi sote tunapita neli moja kwa mwendo mmoja. Siku ng'ombe wanapopotea na maneno yanapopoa, ndipo unaona huyu anatangulia na yule ananasa.

Kwa hiyo swali langu la kwanza likabadilika. Badala ya kuuliza kama tofauti ipo, nikauliza: je, kutenga ni dhambi? Mtu anayetaka kujua nani ni nani, amekwisha kosa?

Hapa nilisaidiwa na jirani zetu wa Oldupai, ng'ambo ya mbuga ya Serengeti. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliliona pale fuvu ambalo dunia nzima ililijua kwa jina la Zinjanthropus. Mumewe Louis alikisia umri wake kuwa miaka laki sita hivi. Mwaka 1961 Evernden na Curtis wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley wakapima majivu ya volkano yaliyokuwa kwenye tabaka lile. Wakatoa jibu: miaka milioni moja na laki saba na nusu. Karibu mara tatu ya makisio!

Walijuaje? Ndani ya mwamba kuna potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka polepole sana kuwa gesi ya argoni yenye uzito wa 40. Ukiyeyusha mwamba ukakusanya argoni yake, unajua saa imekwenda kiasi gani. Tatizo ni kwamba hewa tunayovuta nayo ina argoni, na nyingi yake ni ya uzito huo huo wa 40. Inapenya, inajichanganya, inadanganya. Bahati nzuri argoni ya hewa haitembei peke yake. Hutembea na ndugu yake mwepesi wa uzito wa 36, karibu mmoja kwa kila mia tatu. Basi wanapima yule mwepesi, wanajua mgeni ameingia kiasi gani, wanamtoa kwenye hesabu. Kinachobaki ni cha mwamba wenyewe.

Hata heliamu iliyotangazwa mwaka 2016 na watafiti wa Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One kule bonde la Rukwa, huulizwa swali la bibi kizee. Wewe ni wa ukoo gani? Heliamu ya uzito wa 3 ikiwa nyingi, imetoka chini sana tumboni mwa dunia. Ya uzito wa 4 ikitawala, imezaliwa na urani na thori ndani ya miamba mikongwe iliyo juu. Ya Rukwa ilijibu kuwa ni mtoto wa miamba mikongwe.

Kama wale wa Oldupai wangesema "argoni ni argoni, tusibaguane", tungekuwa na umri wa uongo mpaka leo. Kwa hiyo kutenga si dhambi. Bibi kizee anatenga. Mwanasayansi anatenga. Lakini tazama wanachofanya baadaye. Bibi akishajua ukoo wako, ndipo mazungumzo yanaanza: baba yako nani, mama yako katoka wapi, mbona umekonda. Mwanasayansi akishatenga gesi, ndipo maswali yake yanaanza. Kijana wa barabarani akishajua ukoo wako, maswali yamekwisha. Hapo ndipo nauona uovu, katika kuligeuza swali la kuanzia kuwa swali la mwisho.

* * *

Kuna jambo la pili katika zile karatasi, nalo naliona la hatari zaidi.

Watu wanaotaka kuhifadhi haidrojeni nyingi huipoza mpaka iwe maji maji, kwenye nyuzi 253 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo inapaswa kuwa para karibu yote. Lakini ukiipoza haraka, ortho haigeuki. Inabaki robo tatu vile vile, imelala kimya ndani ya tangi. Ukitazama unaona kimiminika kimetulia, unafunga mfuniko, unakwenda kulala. Kisha, siku kwa siku, ortho inaanza kugeuka kuwa para yenyewe, na kila inapogeuka inatoa joto. Joto hilo jumla yake ni takriban kilojuli 530 kwa kilo, na kuichemsha kilo hiyo hiyo kunahitaji takriban 450 tu. Umeona mahesabu hayo? Tangi linachemka lenyewe kutoka ndani, bila mtu kuwasha moto nje, hata ungelifunika kwa mablanketi ya dunia nzima.

Niliposoma hayo nilisema peke yangu: loh, hii si Tarime jamani!

Koo zetu zikipigana, polisi wanakuja. Tarime na Rorya zina mkoa wao wa kipolisi, na wapo watu wazima walio hai leo kwa sababu ya hilo, sitawabeza. Magari yanapita, watu wanakimbilia ndani, wiki inakuwa kimya. Viongozi wanasema amani imerejea. Lakini ile ni amani ya kugandishwa. Mwenye kisasi hajageuka, amepozwa tu. Baada ya mwezi au mwaka, kimiminika kinaanza kuchemka, na watu wa mbali wanashangaa: nani amewasha moto? Hakuna aliyewasha. Moto uliwekwa tangini siku ile ile mfuniko ulipofungwa.

Wenye matangi wanafanya nini? Wanatia kichocheo. Wanaipitisha haidrojeni kwenye oksidi ya chuma, ambayo ni ndugu ya kutu, wakati bado inapozwa, kabla haijafungiwa. Inapogusana na chuma hicho chenye usumaku, ortho inageuka mapema, joto linatoka hadharani na kuondolewa, na kinachoingia tangini hakina deni.

Wazee wetu walikuwa na kitu cha namna hiyo, iritongo, mkutano wa jamii nzima mahali pa wazi. Mtu anasimama, anasema kilichomuuma, mwenzake anajibu, sauti zinapanda. Kijana wa leo akipita anaona makelele ya wazee. Mimi sasa naona joto likitolewa nje kabla mfuniko haujafungwa. Sisemi iritongo haikukosea. Ilikosea, na wapo walioonewa pale. Nasema tu kwamba anayewapatanisha watu kwa kuwanyamazisha anajaza tangi.

* * *

Sasa nirudi barabarani, maana nimezunguka sana na nadhani umeshajua nakwepa.

Mbali na ortho na para kuna ndugu wengine. Harold Urey, Mmarekani, alimgundua mwaka 1931 kwa kuivukiza haidrojeni ya kimiminika mpaka ikabaki kidogo. Huyo ni deuteriamu, haidrojeni nzito yenye nyutroni moja zaidi. Ikiwapo deuteriamu, kuna molekuli za mchanganyiko: upande mmoja atomu nyepesi, upande wa pili atomu nzito. Ukiitia kwenye neli ya baridi pamoja na wengine, molekuli hiyo hutoka peke yake, baada ya ortho na kabla ya deuteriamu tupu. Na cha ajabu, haina ortho wala para. Mgawanyiko ule huwapata tu wenye atomu mbili zinazofanana. Yeye, kwa kuwa wazazi wake ni tofauti, swali lile halimhusu.

Nilifurahi mno nilipoona hivyo. Nikajiambia, huyu ndiye mimi! Mtoto wa koo mbili, swali halinihusu, nilikuwa na haki ya kujibu ninavyotaka. Mama aliponikuta nikicheka na karatasi aliuliza kulikoni. Nikamweleza kwa kifupi. Akaendelea kuchambua mboga, kisha akasema: "Mwanangu, siku ile ulinitaja mimi kwa sababu unanipenda, au kwa sababu nilikufaa?"

Sikuwa na jibu. Sina mpaka leo.

Maana ni kweli, sikudanganya kuhusu mama. Mimi ni wake. Kama kuna siku nyingine ningesimama mbele ya wajomba zangu nikasema "mimi ni wenu", ingekuwa heshima kubwa kwao. Maneno yalikuwa ya kweli, ila niliyasema kama mtu anayetoa kadi ya chama mfukoni, akiwa nazo mbili. Na kwa kuyasema niliikubali sheria yao, kwamba wa huku apite na wa kule apigwe. Niliingia kwenye neli yao kwa hiari nikatoka salama. Mwenye vitunguu hakuwa na kadi ya pili.

Mwaka jana nilimtafuta. Si mbali, anauza sokoni bado. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza nataka kilo ngapi. Nikamwambia mimi ni yule kijana. Alinitazama kitambo, mkono wake wa kushoto haukunjuki vizuri, nikauona. Akasema: "Nilikusikia ulivyojibu. Na mimi ningekuwa na mama kama wako ningejibu hivyo hivyo." Kisha akanipimia kilo mbili, akakataa hela.

Wengine mtasema nimesamehewa, yaishe. Lakini mimi nimelibeba jibu lake kama nilivyovibeba vile vitunguu, na limenizidi uzito. Hakusema nilifanya vyema. Alisema tulikuwa sawa, yeye na mimi, ila mmoja alikuwa na mlango wa pili. Je, mwenye mlango wa pili ana deni kwa asiye nao? Nafikiri analo. Nafikiri mtu aliyezaliwa katikati hakupewa nafasi hiyo apenye peke yake. Angalau ningegeuka. Angalau ningewaambia wale vijana, wakati bado wananiita mwana wa dada yao: "Basi wajomba, na huyu ni wangu, mwacheni." Pengine wangenipiga na mimi. Pengine wasingempiga mtu. Chuma kile kwenye neli hakiwi cha upande wa ortho wala wa para, lakini hakifanyi kazi kwa kukaa mbali. Hufanya kazi kwa kuguswa na wote.

Ndugu msomaji, mimi nimesema langu. Wewe uliye Mwanza, Dar, Nairobi, labda hujawahi kuulizwa ukoo kwa panga. Lakini umewahi kuulizwa dini yako, chama chako, shule uliyosoma, mtaa unaokaa, na umewahi kuwa na jibu la pili mfukoni. Ulilitoa. Ukapita.

Nani alikuwa nyuma yako?